Usiku wa Darubini Jambiani: Mwezi Tumeuona, Tunguu Hatukutajiwa

Nimefanya kazi miaka 27 ya kutoa mizigo bandarini Malindi, hapa Unguja. Manifesti, ushuru, demareji ya kontena lililolala, hayo ndiyo yaliyonilea watoto wangu. Kwa hiyo mtu akinambia anataka kujenga pahala, mimi humuuliza kwanza saruji itafika vipi na nauli ya kila kilo ni kiasi gani. Mjukuu wangu aliponambia kuna maalim Jambiani anaonyesha Mwezi kwa darubini, halafu anakaa na watu kuwaeleza habari za mataifa yanayotaka kujenga kambi huko juu, nilimwambia ashike nafasi mbili.

Naandika kwa anayefikiria kwenda. Kiingilio kwa sisi wenyeji ni shilingi 20,000, kahawa na kashata ndani yake. Wageni wanalipa zaidi.

Tulikwenda mwezi nane Mfunguo Sita, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama, mwaka 2025, siku chache kabla ya Maulidi. Maalim hachagui usiku wa mwezi mpevu, na amefanya vizuri. Mwezi mpevu unapigwa na jua usoni moja kwa moja, vivuli hakuna, ukitazama kwa darubini unaona sinia jeupe la kuumiza jicho. Mwezi nane nusu imewaka na nusu iko kizani, na pale kwenye mpaka vivuli vya milima vinalala virefu hata shimo dogo linajitokeza. Wanawake wa mwani wa Jambiani wanazijua siku hizo kwa jina lao, maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana. Maalim akaanzia hapo hapo, hakuanza na roketi. Alisema, "Bamvua na maji mafu mnayajua kuliko mimi. Basi anayeyaendesha yule pale juu, leo tutamtazama usoni." Baraza zima likageuza shingo. Nimekaa kwenye warsha nyingi za serikali na za wafadhili, na mwanzo mzuri kama ule nimeuona mara chache.

Darubini ni ya aina ya Dobson, bomba pana lililokalia kitako cha mbao kinachozunguka, na kioo chake kina upana wa sentimita 20. Imewekwa nyuma ya ukuta wa makuti kwa sababu ya kusi, maana upepo ukiigusa tu, Mwezi wote unatikisika machoni. Kasoro yake ni kwamba kitu kikiwa karibu na utosi, chombo cha namna hii kinakuwa kigumu kukisogeza, na usiku ule Mwezi ulikuwa juu sana, nyota nyekundu ya Antares ikiwa pembeni yake. Kijana anayemsaidia Maalim alikuwa akilirekebisha bomba kila baada ya watu wawili. Sisi tulikuwa watu 22 kwa darubini moja. Kila mtu alipata kama dakika mbili, na mimi niliyekuwa wa kumi na tisa nilisimama karibu saa nzima na magoti yangu haya. Kwa wazee wawekewe viti kwenye foleni. Si jambo la gharama.

Lakini zile dakika mbili! Upande wa kusini wa Mwezi, pale mpakani, niliona vilele vimeshashika jua na mabonde yake bado usiku mtupu, vinang'aa peke yake kama shanga zilizodondoka kwenye kitambaa cheusi. Alfajiri ukiwa shamba unaona ncha za minazi zimeshapata mwanga na chini bado unakanyaga kwa kubahatisha. Ni vile vile. Maalim akanambia nikiwa bado nimeinama, "Bibi, ukingo ule wa chini kabisa ndiko kwenye ugomvi." Alikusudia ncha ya kusini ya Mwezi. Huko kuna shimo linaloitwa Shackleton, upana wake kama kilomita 21, ambalo ndani yake jua haliingii kabisa. Kutoka kwetu halionekani, na Maalim alisema hivyo bila kutuzuga. Katika mashimo ya namna hiyo kuna barafu. Oktoba 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, walikibamiza kipande cha roketi tupu ndani ya shimo jingine la huko, Cabeus, na katika vumbi lililoruka wakakuta maji.

Baada ya hapo tulikaa mikekani. Mazungumzo yalichukua saa moja na nusu, na hapo ndipo penye thamani ya ile elfu ishirini.

Nianze na nauli, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kampuni ya Astrobotic ya Marekani ilitangaza bei ya kupeleka mzigo hadi juu ya uso wa Mwezi: dola milioni 1.2 kwa kilo moja. Maalim aliitaja bei hiyo na kupita. Mimi sikuweza kupita. Nikachukua simu nikapiga hesabu ya kitu ambacho kila mwanamke wa Unguja amekibeba, dumu la maji la lita 20. Lita moja ni kilo moja. Dumu moja, dola milioni 24. Na hiyo ni nauli tu, bado hujahesabu bima. Chombo chao cha kwanza, Peregrine, kiliondoka Januari 2024, kikavuja mafuta siku ile ile, hakikufika, na siku ya kumi kikateketea angani kikirudi duniani na mizigo ya watu ndani. Mwezi uliofuata kampuni nyingine, Intuitive Machines, ilitua lakini chombo kikalala ubavu. Machi 2025 wakapeleka cha pili, nacho kikalala ubavu. Siku chache kabla yake chombo cha Blue Ghost cha kampuni ya Firefly kilitua kikasimama wima na kufanya kazi yake, kwa hiyo njia inafunguka. Ila ni njia ambayo mimi, kama ningekuwa naandika bima ya shehena, nisingelala usingizi.

Hiyo ni mizigo. Watu ni habari nyingine. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA, Paul Martin, aliliambia Bunge lao kwamba kila safari ya roketi kubwa ya SLS pamoja na chombo cha Orion, kwa safari nne za mwanzo, itagharimu dola bilioni 4.1. Bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 5.18, kama dola bilioni mbili. Safari moja, bajeti zetu mbili: hospitali, skuli, barabara, mishahara, kila kitu, mara mbili. Siyasemi haya kwa uchungu wala kwa husuda. Nataka msomaji ajue ukubwa wa kitu tunachokizungumza, kwa sababu "bilioni" imekuwa neno jepesi siku hizi.

Basi nani ananunua kinachotoka huko? Hapa ndipo Maalim alipoteleza, na namwambia kwa mapenzi. Alitumia kama dakika ishirini kwenye heliamu-3, gesi adimu iliyomo kwenye vumbi la Mwezi, na namna itakavyoiwashia dunia umeme. Alipoulizwa mtambo wa kuichoma uko wapi, jawabu lilikuwa fupi: umeme wa kuuza wa namna hiyo hauzalishwi popote duniani. Sasa huo si uchumi. Ni kuanika karafuu kwa mnunuzi ambaye hajazaliwa. Wamarekani walipokwenda kwa Apollo, mara ya mwisho Desemba 1972, walirudi na kilo 382 za mawe na udongo kwa safari sita. China mwaka 2024, kwa chombo cha Chang'e 6, ilileta gramu 1,935 kutoka upande wa Mwezi tusiouona. Ni elimu kubwa hiyo, na nimefurahi kwamba ipo. Lakini gramu 1,935 ni pishi ya mchele haijai. Kwa sasa anayelipia safari za Mwezi ni serikali. Hata hizo kampuni binafsi nilizozitaja, mteja wao mkubwa ni NASA.

Kwa hiyo mali ya Mwezi kwa leo ni ile barafu, na thamani yake ni kwamba iko huko huko. Huipeleki sokoni. Inakuondolea nauli. Unakunywa, unapasua maji unapata oksijeni ya kuvuta na haidrojeni ya kuendeshea roketi. Kwenye kituo cha anga kinachoizunguka dunia, ambacho hakijakosa watu tangu Novemba 2000, wameshafika mahali pa kurejesha asilimia 98 ya maji yao, jasho na mkojo ndani yake, kwa sababu kila dumu lina nauli. Mji wetu wenyewe ulikunywa kwa chemchem alizozivuta Sayyid Barghash kutoka Bububu. Meli na watu hukaa penye maji matamu. Nilipolielewa hili ndipo nikaelewa kwa nini kila mtu anatazama ncha moja ya kusini wakati Mwezi wote ule uko mtupu. Juu ya kingo za mashimo yale kuna vilele vichache vinavyopata jua karibu muda wote, na chini yake barafu. Kwengineko usiku wa Mwezi ni wa wiki mbili, betri zinakufa kwa baridi. NASA imechagua maeneo 9 ya kufikiria kutua, yote huko kusini, na China inapanga kupeleka chombo chake cha Chang'e 7 huko huko. Fukwe nzuri ni chache, na mahoteli ni mengi. Jambiani wanaijua hadithi hiyo.

Nani mwenye ardhi, basi? Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema hakuna taifa litakalojimilikisha Mwezi, si kwa kudai mamlaka, si kwa kukaa, si kwa njia yoyote. Maneno yako wazi. Lakini mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria kwamba mwananchi wake akichimba kitu huko, alichokichimba ni chake. Luxembourg ikafuata mwaka 2017. Maalim alitoa mfano wanaoutumia wenyewe: bahari kuu haina mwenyewe, lakini samaki uliyemvua ni wako.

Mfano huo ni mzuri kwa mwenye meli. Sisi tunaishi na bahari. Ndani ya maili 200 jodari ni wetu, na meli ya kigeni inayotaka kumvua inakata leseni kwenye Mamlaka ya Uvuvi wa Bahari Kuu, ofisi yake iko Fumba. Nje ya hapo mwenye ngalawa wa Jambiani ana haki sawasawa na meli ya nyavu kubwa iliyotoka mbali, na kila mtu anajua nani atarudi na samaki. Mwezi wote uko nje ya maili 200. Kulikuwa na mkataba mwingine, wa mwaka 1979, uliosema mali ya Mwezi ni urithi wa wanadamu wote na faida yake igawiwe. Marekani, Urusi na China hazikuuridhia. Maalim aliupitia kwa sentensi moja, nami ningependa angeukalia zaidi, kwa sababu huo ndio uliokuwa na mlango wa kuingilia nchi kama zetu.

Halafu akaja kwenye Makubaliano ya Artemis ya namna ya kufanya kazi Mwezini, yaliyoanzishwa na Marekani na wenzake saba Oktoba 2020 na sasa yana saini za nchi zaidi ya 50. Rwanda na Nigeria walitia saini Desemba 2022, Angola mwaka 2023. Upande wa pili China na Urusi walitangaza mwaka 2021 kituo chao cha utafiti cha Mwezini, na Afrika Kusini na Misri wakajiunga nao mwaka 2023. Senegal imetia saini pande zote mbili, 2024 kwa Wachina na Julai 2025 kwa Wamarekani. Kuna waliocheka mkekani waliposikia hivyo. Mimi niliiona Senegal ina akili, maana bado hapana anayejua jahazi lipi litafika.

Katika yale makubaliano ya Artemis kuna kitu kinaitwa maeneo ya usalama. Mwenye kambi anatangaza eneo karibu na mitambo yake ili wengine wasiingie ovyo wakamrushia vumbi au kumharibia vyombo. Hapo mama mmoja mkulima wa mwani, aliyekuwa amekaa mbele yangu, akauliza suali lililonifanya nione nauli yangu ya gari imerudi: "Maalim, na vijiti vyao wanachomeka mpaka wapi?"

Kwa wasiojua: mwani umelimwa hapa na Paje tangu 1989, kwenye mchanga unaofunuka maji yakipwa. Shamba la mwani halina hati. Bahari si ya mtu. Lakini ukishachomeka vijiti vyako na kufunga kamba, jirani hafungi juu yako, na ukiviwacha vijiti miaka, pahala pale panaitwa kwa jina lako. Hakuna aliyesema "hapa pangu" na pamekuwa pako. Baadaye ikaja hoteli, nayo haikununua bahari, ila wageni wake wanataka kuogelea pasipo na kamba, na askari akawekwa. Mama yule alilijua suala zima la sheria ya anga kutoka kiunoni mwake, ndani ya maji.

Maalim alimjibu kwa heshima na kwa ukweli. Akasema upana wa maeneo hayo haukuandikwa, unategemea kazi yenyewe, na yanatakiwa kuwa ya muda na kutangazwa kwa wenzako. Akasema pia kwamba Agosti ile ile ya 2025 ilijulikana kuwa aliyekuwa kaimu mkuu wa NASA wakati huo, Sean Duffy, ametoa amri ya kuharakisha mtambo wa nyuklia wa kilowati 100 uwe tayari kupelekwa Mwezini ifikapo 2030, na waraka wenyewe ulitaja hofu kwamba taifa litakalotangulia linaweza kutangaza eneo la kutokaribiwa. China na Urusi nao wanapanga wa kwao. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Ehee. Wa mwanzo kuchomeka." Hakuna aliyeongeza kitu kwa muda.

Jambo jingine Maalim alilieleza vizuri, kwa ufupi: hatari ya kuwa mshirika mdogo. Imarati walikubali Januari 2024 kujenga chumba cha kutokea nje cha kituo cha Gateway, kilichopangwa kuzunguka Mwezi. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ikapendekeza kituo chote kifutwe kwenye bajeti. Julai Bunge likarudisha fedha. Ulaya, Japani na Canada nao wana vipande vyao mle. Umeshakata mbao zako, na mwenye nyumba bado anafikiria kama atajenga.

Sasa nafika kwenye lawama yangu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Katika saa moja na nusu ile hatukutajiwa Tunguu hata mara moja. Wengi wetu tulikuja kwa gari ya 309 na tulipita Tunguu mchana ule ule, mbele ya chuo kikuu. Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitiliana saini London kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wa Wamarekani wa kurusha watu angani, na kikajengwa Tunguu. Chombo kikiizunguka dunia kila kituo kinakisikia dakika chache tu, kisha kinazama upeoni, kwa hiyo walihitaji mnyororo: Kano kule Nigeria, kisha sisi, kisha meli katikati ya Bahari ya Hindi, kisha Australia. Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn alipozunguka dunia mara tatu, alizungumza na watu wa kituo cha Zanzibar.

Baba yangu aliendesha lori la mafuta ya jenereta ya pale. Alinisimulia mara nyingi. Mshahara ulikuwa mzuri na aliezeka bati nyumba yetu kwa fedha zile. Pia alinisimulia habari za watu walioandamana, chama cha Hizbu kikiwa mbele, wakisema ni kituo cha makombora na kwamba kisiwa kitapigwa siku mataifa makubwa yakigombana. Kituo hakikuwa cha makombora. Lakini baba alikuwa akisema hofu ile ilikuwa na haki yake, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Mkataba wa ardhi yetu ulikuwa na saini mbili, na hakuna iliyokuwa ya Mzanzibari. Wenyewe tulipata uhuru Desemba 1963, Mapinduzi yakaja Januari 1964, na Aprili, mwezi ule ule wa Muungano, serikali mpya ikataka kituo kiondoke. Kikaondoka. Lori la baba likabaki bila kazi na yeye akaenda kupakia karafuu bandarini, ndiko nilikomfuata mimi.

Kazi ile ikachukuliwa na kituo cha Madagascar, karibu na Antananarivo, na mwaka 1975 nacho kikafungwa baada ya serikali ya huko kudai kodi ya ardhi. Malindi ya Kenya Wataliano walirusha roketi kutoka jukwaa la baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Afrika Kusini nako, kule Matjiesfontein, palichaguliwa kujengwa antena ya kuwasiliana na safari za Mwezini. Kambi ya Mwezi haikai Mwezini peke yake. Ina miguu yake huku chini, antena, bandari, viwanja, kwenye nchi zilizo pahala pazuri. Sisi tuko digrii sita kusini ya ikweta, na tumeshakuwa mguu mmoja. Kwa hiyo siku mtu akija tena na ramani, suali la mama wa mwani na suali la baba yangu ni moja: vijiti mpaka wapi, na karatasi ina saini ya nani? Hili Maalim angelisema pale pale, kwa watu wale wale, lingewaingia kuliko heliamu-3 yote.

Nilimfuata baada ya watu kutawanyika. Nilimwambia, "Maalim, umetupeleka mbali ukaturusha Tunguu." Hakukasirika. Aliniomba nikae, akamwita kijana alete kahawa nyingine, akauliza masuali kama mtu anayenunua shamba: lori la rangi gani, njia ipi, mlinzi nani, antena zilikuwa wapi. Mengine niliweza kumjibu. Nimeshamtumia picha moja ya baba amesimama kando ya lori lake, ameshika kofia mkononi, na nyuma yake uzio wa kituo.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Tunguu, foleni ya kusimama, na michoro ya ukutani iliyoandikwa Kiingereza kitupu wakati waliokaa mikekani karibu wote ni watu wa Jambiani na Makunduchi. Michoro ile mtu aliyesoma angeitafsiri kwa siku moja, na mjukuu wangu amejitolea.

Njia: gari ya 309 kutoka mjini, lakini ya kurudi usiku hakuna, kwa hiyo panga pa kulala au muwe kikundi mkodi gari. Sisi tulilala kwa jamaa. Mazungumzo yanaanza baada ya sala ya Isha, darubini inaanza mara tu baada ya Magharibi, na anayewahi anatazama mara mbili. Watoto wanapandishwa kwenye kibao, wanaruhusiwa kuuliza chochote, na wanajibiwa. Kukiwa na mawingu fedha inarudishwa nusu, mazungumzo yanaendelea. Chukueni kanga nzito au koti, kusi ikivuma usiku Jambiani inapenya. Miadi inayofuata ni mwezi nane Mfunguo Saba, na Maalim amesema ataanza na Tunguu. Mimi nitakuwepo, na nitakwenda na wazee wawili wa Bungi waliofanya kazi pamoja na baba, mmoja alikuwa mpishi, mwengine alifyeka uwanja wa antena.